Mkwe Hagusi

Mume wangu akirudi kazini hukohoa getini. Si kikohozi cha mafua. Ni kikohozi cha makusudi, cha mtu anayetaka asikike hadi jikoni, nacho hurudiwa mara mbili tatu kabla komeo halijafunguliwa. Jirani yetu Odeta alipohamia hapa Kirumba, Mwanza, alinifuata kibandani kwangu Mirongo, ninakoshona nguo, akanishauri kwa huruma nimpeleke mume wangu, Baba Koku, akapime kifua. Nilicheka hadi nikaweka mkasi chini. Kikohozi kile ni hodi ya mkwe. Kinamwambia mama yangu: nafika, nipishe.

Na mama humpisha. Anabeba kigoda chake na kuingia jikoni, au anazunguka nyuma ya nyumba kwenye jiwe kubwa tunaloanikia nguo. Mume wangu anapita sebuleni macho chini kama mtu anayetafuta sindano iliyodondoka. Wakishatenganishwa na ukuta, ndipo salamu zinapoanza, na mpitishaji ni mimi.

“Evelina, mwambie mama shikamoo.”

“Mama, unasalimiwa.”

“Mwambie mwenye nyumba marahaba. Huko kazini hawajambo?”

Wanasikiana vizuri kabisa. Ukuta wenyewe ni wa tofali moja, hata mtoto akijamba upande wa pili unajua. Lakini ole wangu nisipoufikisha ujumbe neno kwa neno. Wote wawili watakaa kimya wakinisubiri, kana kwamba maneno hayajasemwa bado.

Sisi ni Wasukuma wa upande wa Busisi. Kwetu, angalau katika ukoo wa mama, mkwe hamgusi mama mkwe. Hawapeani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni, na jina halitajwi. Ndiyo maana mama humwita mume wangu “mwenye nyumba,” ingawa nyumba tumepanga. Mume wangu ni Mhaya, Alexander Lwakatare, na kwao nako wana adabu za namna hiyo, ila vijana wa siku hizi wamezilegeza. Wangu hakulegeza hata uzi mmoja. Mtu aliyesomea umeme hadi chuo kikuu, anayefungua mashine za hospitali ambazo wengine wanaogopa hata kuzipangusa vumbi, mbele ya mama mkwe anageuka mzee wa zamani kuliko wazee wenyewe. Nilimpenda kwa hilo, na hilo hilo lilinichosha. Wote wawili ni watu wangu, nami ilinibidi niwapende kwa zamu, huku mmoja, huku mwingine, kama anayelisha watoto wasioweza kukaa mkeka mmoja.

Kisha mama akapata kiharusi.

Kilimkuta kwake Busisi akianika michembe, vile vipande vya viazi vitamu, juu ya jiwe. Mungu alimhurumia, mdomo ulirudi mahali pake, mguu nao ukarudi. Mkono wa kulia ulirudi nusu. Ulikuwa unainuka, unafumba, unafumbua, lakini ulikuwa hausikii kitu. Umchome na pini, haoni tofauti. Umpe barafu, haoni tofauti.

“Mkono upo,” aliniambia, “ila mimi simo ndani yake.”

Tukamleta kwetu. Siku hiyo tulipita darajani, gari halikusimama hata kidogo, na mama alilalamika njia nzima kwamba wametunyima raha ya kivuko. Zamani pale Kigongo ulikuwa unasubiri pantoni, unanunua karanga, unajua nani kafiwa na nani kaoa. Sasa unavuka ziwa zima kabla hujamaliza kutafuna. Nilifurahi kumsikia akilalamika. Mtu anayelalamika bado yupo.

Furaha hiyo haikudumu. Asubuhi moja alinyanyua sufuria ya uji kwa mkono wa kulia bila kitambaa. Aliyegundua ni binti yangu Kokulinda, tena kwa harufu. Mama alikuwa amesimama katikati ya jikoni anauliza sukari iko wapi, na kiganja chake kinaungua. Nilipiga kelele, nikalia, nikamwagia maji. Yeye aliutazama mkono ule kama wa jirani.

Tangu hapo nikamkataza moto. Nikamwambia pia kwamba Busisi harudi mpaka mkono ujue moto na baridi, kwa sababu kule anaishi peke yake na atajichoma akiwa anachochea kuni. Hilo lilimuuma kuliko kidonda. Kwake kuna shamba la viazi, kuna kuku wake, kuna kaburi la baba. Kwangu alikuwa mtu wa kuletewa chai.

“Mgeni siku mbili; siku ya tatu mpe jembe,” alisema. “Mimi hata jembe lenyewe silisikii mkononi. Sasa mimi ni mgeni wa namna gani?”

 Aliyekuwa na jibu, kwa bahati mbaya, ni mume wangu.

Hospitalini anakofanyia kazi kulikuwa na mashine wanayoijaribu kwa watu waliopoteza hisia za mikono baada ya kiharusi. Ukiitazama haina maajabu: kabati la chuma lenye saa na vitufe, na waya mnene unaoishia kwenye kitu cha duara, bapa, kipana kama chapati. Ndani ya chapati hiyo kuna nyaya za shaba zilizoviringwa. Mgonjwa anaweka mkono juu bila kuigusa; kuna mto mdogo katikati. Fundi akibonyeza, umeme unapita ghafla kwenye nyaya na kuzaa nguvu ya sumaku. Sumaku inapenya ngozi bila kuigusa, inaamsha mshipa wa fahamu, na mshipa unapeleka habari kichwani kwamba kiganja kimeguswa. Hakuna aliyekigusa. Lakini kichwa hakijui hilo. Kinapokea habari kama kilivyoipokea. Ukirudia rudia, Baba Koku alinieleza, kichwa kinaweza kukumbuka njia ya kwenda mkononi, kama unavyosafisha kichochoro kilichoota majani.

Mafundi waliofunzwa kuiendesha walikuwa wawili. Mmoja, Nathaniel, alikuwa amekwenda masomoni Dar. Aliyebaki ni mkwe wa mama yangu.

Nilipomweleza mama, alichezea ncha ya kitenge. Mume wangu alikuwa sebuleni, upande wa pili wa ukuta, anasikia yote.

“Kwa hiyo atanigusa,” mama akasema.

“Hakugusi, mama. Yeye anakaa mbali, anabonyeza tu. Kinachokugusa ni sumaku, na hata hiyo haikugusi.”

“Mtu akisimama mbali akanirushia jiwe likanipata, utasema hakunigusa? Utasema ni jiwe?”

“Evelina,” ikaja sauti kutoka sebuleni, “mwambie mama kwamba jiwe linafika mwilini. Hapa hakuna kinachofika. Ni mshipa wake mwenyewe unaojisikia. Unadanganywa kidogo tu.”

Nikamfikishia, ingawa alishasikia.

“Mwulize mwenye nyumba,” mama akasema, “kama hakuna kilichonifika, huo mshipa umesikia nini?”

 Mhandisi mzima kakosa la kusema. Nilitamani kuwafungia wote wawili chumba kimoja na kutupa ufunguo ziwani.

Mwisho wake alikubali, kwa sababu ya Busisi, si kwa sababu yetu. Lakini aliweka masharti. Pazia liwekwe kati yake na fundi. Muuguzi wa kike ndiye amwekee mkono kwenye mto. Na maneno yapitie kwangu. Mume wangu alikubali yote haraka mno, hata nikajua kwamba angeyaweka yeye kama mama asingeyaweka.

Basi kila wiki nikawa nafunga kibanda mapema na kumpeleka. Chumba kiliwekwa pazia la kijani katikati. Upande huu mama, mimi na muuguzi Selina, mwanamke mnene mwenye mikono laini na subira ya ajabu. Upande wa pili mume wangu na kabati lake. Waya wa chapati ulipita chini ya pazia. Mama alikuwa akivaa kitenge kipya, tena amepaka mafuta mikono yote miwili, kama anayekwenda ibada.

“Tayari?” sauti ya mume wangu iliuliza.

“Mama, anauliza tayari?”

“Mwambie tayari.”

Tak. Mlio mkavu, kama cherehani inapokata uzi. Kidole cha mama kiliruka.

“Amesikia?”

“Mama, umesikia?”

“Sisikii kitu.”

Tak. Tak. “Sasa?”

“Sisikii kitu. Kinaruka chenyewe. Mimi simo.”

Nyuma ya pazia nilisikia swichi ikizungushwa, nguvu ikiongezwa kidogo. Tak. Kidole kikaruka zaidi, na mama akatazama ukutani, uso mkavu, akasema yale yale. Wiki iliyofuata ikawa hivyo, na iliyofuata. Wagonjwa wengine tuliokutana nao pale nje kwenye benchi walikuwa wanasimulia. Mzee mmoja wa Ukerewe aitwaye Chenge alikuwa anamwambia kila mtu kwamba anasikia kama kuku anadonoa kiganja chake, na alikuwa anacheka kwa furaha hadi machozi. Mama alikuwa akimsikiliza.

Kuna siku niliona jasho kwenye paji lake la uso. Chumba kile kina kiyoyozi, Selina mwenyewe huvaa sweta.

“Mama, mbona unatoka jasho?”

“Joto la Mwanza hili,” akasema.

Nikaamini. Ndiyo, mimi, ninayeweza kujua kwa kushika tu kama kitambaa kitachuja rangi, nikaamini.

Aliyekuwa anakonda ni mume wangu. Alianza kurudisha sahani nusu. Jioni moja, mama akiwa nyuma ya nyumba na Koku, akaniambia kwamba Daktari Kashaija, msimamizi wa ile kazi, ameamua Ijumaa iwe ya mwisho kwa mama. Nguvu imepandishwa hadi karibu na kikomo na hakuna dalili. Nafasi ni chache, kuna watu wanatoka Geita na Shinyanga wanasubiri.

“Hakukosea,” akasema. “Ningekuwa yeye ningeamua hivyo hivyo. Lakini sielewi, Evelina. Kidole kinaruka vizuri. Mshipa uko hai. Kila mtu aliyeruka hivyo alisikia. Nimeshindwa kwa mama yako tu.”

“Hujashindwa.”

“Nimeshindwa,” akasema. “Mama yangu alikufa nikiwa shule, unajua. Mzee wa kumwamkia niliyebaki naye ni huyu. Sauti yake naijua hata usingizini, na sura yake siijui. Nilidhani angalau kwa hili nitamfaa.”

Nilimshika mkono. Nilitaka kulia kwa ajili yake na nikatamani kumzaba kofi kwa ajili ya ile adabu yake, yote kwa pamoja.

Kesho yake, Alhamisi, sikufungua kibanda. Nilikaa nyumbani na mama tukichambua mchele, gunia dogo lililotoka Sengerema, lenye mawe ya kutosha kujengea. Mimi nilikuwa na ungo wangu, yeye na wake. Alikuwa ananisimulia habari za mdogo wangu Shimba alipokuwa mtoto, jinsi alivyomfukuza beberu hadi kisimani, na akifika penye kuchekesha alikuwa ananigeukia anitazame kama nacheka. Nilicheka. Kisha nikaacha kucheka.

Alikuwa ananitazama mimi, na mkono wake wa kulia ulikuwa unachambua. Kidole gumba na cha shahada vilikuwa vinapita kwenye mchele, vinasita, vinaokota kijiwe, vinakitupa pembeni. Vinapita tena, vinasita, vinaokota. Macho yake hayakuwa kwenye ungo hata kidogo. Nilitazama rundo dogo pembeni yake. Hakukuwa na punje hata moja ya mchele. Yalikuwa mawe matupu.

“Mama,” nikasema. “Unasikia.”

Mkono ukasimama.

“Mama, mkono wako unasikia!”

“Punguza sauti.”

“Tangu lini?”

Akaweka ungo chini. Akajifuta viganja kwenye kitenge, kimoja kimoja, polepole. Nilimmiminia chai ya moto kwenye kikombe cha bati, nikamwekea mkononi, kwa sababu nilitaka kujua yote. Akakishika bila kutetemeka mpaka nikamnyang’anya kwa hofu. Moto bado ulikuwa haujarudi. Mawe yamerudi, moto bado. Maana yake dawa ilikuwa inafanya kazi na ilikuwa haijamaliza, na kesho wanaifunga.

“Tangu mwanzo,” akasema. “Siku ile ya pili. Nilisikia kama mtu ananipapasa kiganja.”

“Na ukasema husikii!”

“Ulitaka niseme nini?” Sasa alikuwa amekasirika naye. “Nyuma ya lile pazia alikuwepo nani? Nikisema nasikia, mbele ya yule muuguzi, mbele yako wewe niliyekuzaa, nimesema nini? Nimesema mkwe wangu amenipapasa kiganja, nami nimekaa tu. Tena wiki ijayo nivae nguo nzuri nimfuate anipapase tena.”

“Kwa hiyo uungue? Uungue mpaka mkono uishe, kwa ajili ya aibu?”

Nilisema kwa ukali ambao sijawahi kuutumia kwa mama. Sikuomba radhi papo hapo. Nilikuwa namwona mume wangu na sahani yake nusu, naiona ile nguvu ikipandishwa wiki baada ya wiki, na mama kakaa pale anatazama ukuta. Kisha nikakumbuka jasho.

“Ilikuwa inauma,” nikasema.

“Iliuma.”

“Ukanyamaza.”

“Ninyi mnaiona aibu kama kitu cha kufagia,” mama akasema, na sauti ikawa imetulia. “Mimi nimekaa kwenye nyumba ya mkwe wangu, vyumba viwili na sebule, mvua na jua. Umesikia tumegombana? Amewahi kuniona nikivuta mguu kama mlevi, au nikimwagikwa na mate siku zile za mwanzo? Hajaniona. Anakohoa kule nje, ananipa muda nijifunike niwe mtu. Hiyo ndiyo aibu, Evelina. Ni kumwachia mwenzako mahali pa kusimama. Ukimwondolea mtu hiyo, umempa mkono umemnyang’anya mwili.”

Hapo hasira ikaniishia, ikabaki huzuni, kwa sababu niliona kwamba ana haki, na kwamba haki yake itamnyima Busisi. Nikawaza nimwambie mume wangu. Lakini nimwambieje? Nikimwambia kwamba mama anasikia kama anapapaswa naye, hatagusa tena kile kitufe maisha yake yote. Nisipomwambia, kesho mashine inakwenda kwa mtu wa Geita. Nikazunguka na jambo hilo kichwani jioni yote. Kikohozi kilipokuja getini, nikapitisha salamu kama kawaida, na mama akaitika kama kawaida. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini mashine hiyo huendeshwaje, kwa mguu au kwa mkono. Nikamwambia kwa mkono, kuna kitufe mwisho wa waya. Akasema “Mh,” akaenda kulala.

Ijumaa Daktari Kashaija alikuja mwenyewe. Ni mzee mrefu wa Kihaya, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alisimama upande wetu wa pazia, akamwamkua mama kwa heshima, akamweleza kwamba wamejitahidi na leo wanahitimisha. Selina alikuwa ameshaanza kuandaa mto.

Mama hakuweka mkono.

“Evelina,” akasema, “mwulize mwenye nyumba kama hiyo mashine imeshawahi kumgusa yeye.”

Nikauliza. 

“Mwambie mama ndiyo. Tulipokuwa tunajifunza tulijaribiana mimi na Nathaniel.”

“Mwulize alisikia nini.”

“Kama mtu anagonga kiganjani. Kama anayebisha hodi.”

Mama akarudia neno hilo mdomoni bila sauti, hodi. Kisha akasema, “Mwambie leo aweke mkono yeye. Mimi nibonyeze.”

Selina aliinua macho. Daktari Kashaija akafungua mdomo aseme kitu, akanitazama mimi, akalitazama pazia, akamtazama mama aliyekuwa amekaa wima na kitenge chake kipya.

“Ni mkwe?” akaniuliza taratibu.

“Ni mkwe, daktari.”

Hakuuliza tena. “Nguvu iwe ndogo kabisa, Lwakatare,” akasema kwa pazia, kisha akageuka akatazama dirishani, mikono nyuma, akatupa mgongo wote. Selina naye akapata shughuli kwenye kabati la pamba. Sitamsahau daktari yule kwa mgongo wake ule.

Kitufe kilikuja chini ya pazia mwisho wa waya. Kisha ukaja mkono wa mume wangu. Ulipita kwenye ufa wa pazia polepole, ukalala juu ya mto kiganja kikitazama juu. Mimi nauona mkono ule kila siku, lakini hapo nikauona kama anavyouona mama: kovu la chuma cha kuchomelea waya karibu na kidole gumba, na kucha zilizotafunwa. Mama aliutazama muda mrefu. Hiyo ndiyo mara ya kwanza alipomwona mkwe wake, yaani kipande hicho.

Nikampa kitufe mkono wa kushoto. Akakihamishia wa kulia. Kidole gumba kikakitafuta, kikapapasa ukingo wake, kikakipata.

Tak.

Vidole vya mume wangu viliruka.

Nilingoja aniambie nimwambie mama. Hakuniambia. Nyuma ya pazia akasema yeye mwenyewe, “Nimesikia, mama.” Kisha akasema, “Shikamoo.”

Nikafungua mdomo niipitishe, kwa mazoea. Mama akainua mkono wa kushoto kuninyamazisha.

“Marahaba,” akasema.

Hakuna aliyejua cha kufanya baada ya hapo. Salamu ile ilikuwa imevuka bila mimi, na nilijisikia mwepesi na kuachwa, kama pantoni siku ya kwanza ya daraja. Mama alibonyeza mara moja zaidi, taratibu, kisha akaniwekea kitufe mapajani. Mkono wa mume wangu ukarudi ulikotoka.

“Mkono mmoja ukigusa na mwingine ukanyamaza, hilo ni baya,” mama akasema, akiniambia mimi, lakini kwa sauti ya kufika popote. “Ukigonga nao ukajibiwa, hiyo ni salamu. Na pazia liko pale pale. Hakuna aliyemshika mtu.”

Akakunja mkono wa gauni lake la kitenge, akauweka mkono wake wa kulia juu ya mto yeye mwenyewe kabla Selina hajageuka. Nikarudisha kitufe chini ya pazia.

“Tayari?” mume wangu akauliza, na sijui alikuwa anamwuliza nani.

“Tayari,” mama akasema.

Tak. Kidole kikaruka. Daktari Kashaija alikuwa bado anatazama dirisha, lakini mabega yake yalikuwa yanasikiliza.

“Nasikia,” mama akasema. “Hapa kiganjani, mpaka chini ya kidole cha shahada. Nasikia vizuri.” Kisha akanigeukia. “Hiyo ya leo ni nzuri. Zile za nyuma zote zilikuwa kali. Mwambie mwanangu asiongeze tena, alikuwa ananiumiza.”

Sikupitisha ujumbe huo. Nyuma ya pazia mume wangu alianza kukohoa, na mimi ninayevijua vikohozi vyake vyote nilijua kwamba analia.